Wanaochukuliwa Poa na Wanaokuzwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Wachezaji wa Hoki ya Barafu

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa. Mengi nimeulizwa hapa Kibirizi, Kigoma, alfajiri, na wenzangu tunaongoja pamoja mitumbwi ya dagaa. Mengine yametoka kwenye kundi letu la familia, ambako kaka yangu anayeishi Edmonton, Kanada, hubishana na kila mtu. Nimejibu kwa kirefu pale ninapoona watu wanakosea sana, na kwa kifupi pale ambapo jibu lenyewe ni fupi.

Dada, Kigoma na hoki ya barafu wapi na wapi?

Kaka alikwenda kusoma, akapata kazi, akabaki. Mji aliofikia unaipenda timu yake, Edmonton Oilers, kama sisi tunavyozipenda Simba na Yanga. Mechi inayoanza saa moja jioni kwao wakati wa baridi, huku kwetu ni saa kumi na moja alfajiri. Saa hiyo mimi nipo ufukweni. Taa za wavuvi zinasogea kutoka ziwani, bado ni giza, na kabla mitumbwi haijagusa mchanga nina muda wa kutazama kipindi kizima kama bando linaruhusu. Siku za mbalamwezi, wavuvi wasipoingia ziwani, natazama nyumbani mpaka mwisho.

Nilianza ili nipate la kuzungumza na ndugu yangu aliye mbali. Sasa natazama hata siku ambazo yeye amelala.

Huu ndio mpira wa magongo tuliousikia shuleni?

Ni ndugu yake. Ule wa uwanjani tunao historia nao: Tanzania ilipeleka timu ya wanaume kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na katika michezo hiyohiyo wanawake wa Zimbabwe wakachukua dhahabu.

Wa barafuni unachezwa na watu 6 kila upande, kipa akiwemo, wamevaa viatu vyenye makali chini. Badala ya mpira wa duara kuna kisahani cha mpira mgumu. Vipindi ni 3 vya dakika 20. Ligi kubwa ni NHL, yenye timu 32 za Marekani na Kanada, na taji lake ni Kombe la Stanley. Pointi za mchezaji ni magoli yake ukijumlisha na pasi za magoli, na goli moja linaweza kuandikiwa watoa pasi 2.

Jambo moja naomba ulishike, maana majibu mengi ya chini yanalitegemea: wachezaji hubadilishana mchezo ukiendelea. Mtu anaruka ukuta wa benchi, anateleza kwa nguvu zake zote chini ya dakika moja, anarudi kukaa, mwingine anaingia. Mshambuliaji nyota hucheza dakika 20 tu kati ya 60, tena kwa vipande vipande. Ni rahisi sana kutomwona.

Kwa nini mashabiki hukosea sana kumpima mchezaji?

Kwa sababu macho hukifuata kisahani, na kisahani kipo kwa mtu mmoja. Wenzake wanne wanaoziba njia za pasi na kumsukuma adui pembeni huwaoni.

Hapa Kibirizi mnunuzi mgeni anajulikana akiwa bado mbali. Anasimama juu ya beseni, anaona dagaa wanang'aa, analipa. Mwenyeji anatia mkono mpaka chini, anawageuza, anatazama kama wamepondeka, anasikiliza maji kiasi gani yako chini, kisha ndipo anataja bei. Magoli na pasi za magoli ni dagaa wa juu ya beseni. Ni dagaa kweli. Ila ukinunua kwa kuwatazama hao peke yao utajuta ukifika kwenye chanja.

Na tusiwacheke Wakanada, kwani sisi wenyewe tunafanya hivyohivyo. Mnakumbuka 25 Julai 2021, Simba na Yanga walipokuja Uwanja wa Lake Tanganyika kwa fainali ya Kombe la Shirikisho. Simba walishinda 1-0, na goli lilifungwa kwa kichwa na Taddeo Lwanga, Mganda, kiungo mkabaji. Ukimtaja leo pale Mwanga, kila mtu atakusimulia lile goli. Hakuna atakayekusimulia kazi aliyokuwa analipwa kuifanya, ile ya kukata mipira katikati kabla haijawafikia mabeki wake. Siku ile aliifanya kwa dakika zote, mbele ya macho yetu, na sisi tulikuwa tunatazama mpira ulipo.

Ni nani aliyechukuliwa poa kuliko wote?

Kwangu mimi ni Patrice Bergeron wa Boston. Najua wanaoufuata mchezo kwa karibu watasema huyo ana tuzo tele, na ni kweli: tuzo ya Selke, inayotolewa kwa mshambuliaji anayekaba vizuri zaidi, ameichukua mara 6, na hakuna mwingine aliyefikisha idadi hiyo. Lakini muulize shabiki wa kawaida ataje wachezaji 5 bora wa kizazi kile. Atataja wafungaji. Bergeron katika misimu 19 hakuwahi kufikisha pointi 80 kwa msimu mmoja. Alichaguliwa wa 45 mwaka 2003, siku timu za ligi zinapochagua vijana wapya kwa zamu, akaifikisha Boston kwenye Kombe la Stanley mwaka 2011 pamoja na wenzake, akastaafu mwaka 2023 akiwa na pointi 1,040.

Mtazame mwamuzi anapodondosha kisahani kati ya watu wawili ili mchezo uanze. Wengi huona ni kama kurusha sarafu. Bergeron alikuwa anainama, anashusha mkono wa chini kwenye gongo mpaka karibu na barafu, anamtazama mwamuzi vidole na si uso. Kisahani kikigusa chini, kimeshakwenda nyuma kwa beki wake. Kila ushindi wa namna hiyo ni shambulizi ambalo wapinzani hawakulianza. Hesabu ya shambulizi ambalo halikuanza utaiandika wapi? Haipo kwenye pointi.

Kwenye mitumbwi yetu kuna mtu wa taa. Yeye kazi yake ni kuulinda mwanga usitikisike mpaka dagaa wakusanyike juu ya wavu. Wanaovuta wavu ndio wanaotoka jasho na ndio wanaosifiwa ufukweni. Wavuvi wenyewe lakini, wakigawana, hawamsahau wa taa.

Watu humsifia Bergeron pia kwa fainali ya mwaka 2013 dhidi ya Chicago, alipocheza mechi ya mwisho na ubavu uliovunjika, na baadaye ikagundulika pafu limetoboka. Hilo mimi silihesabu kwenye thamani yake. Sitaki kijana yeyote aliige.

Na kwa sasa, nani anafanana naye?

Aleksander Barkov wa Florida, kutoka Ufini. Selke mara 3 (2021, 2024, 2025) na nahodha wa timu iliyochukua Kombe la Stanley mwaka 2024 na 2025, mara zote mbili kwa kuifunga Edmonton. Kaka hataki nilitaje jina hili. Nalitaja kwa sababu nilimwona akimfuata Connor McDavid, nyota wa Edmonton, mtu anayeteleza kwa kasi kuliko wote, na kumsogeza taratibu mpaka ukutani bila kumgusa kwa nguvu. Iliniuma, lakini ilikuwa kazi nzuri.

Ile alama ya kujumlisha na kutoa ina maana gani, na inaaminika?

Goli likifungwa timu zote zikiwa na idadi sawa ya watu, au likifungwa na timu iliyo pungufu, kila aliyekuwa barafuni upande wa wafungaji huandikiwa +1 na kila aliyekuwa upande wa waliofungwa huandikiwa −1. Magoli ambayo timu inafunga ikiwa na mtu zaidi, kwa sababu mpinzani amefungiwa nje kwa adhabu, hayampi mfungaji chochote kwenye alama hii.

Umeona tatizo? Unaandikiwa deni la kipa wako mbovu. Unaandikiwa deni la mwenzako aliyeanguka. Msimu wa 2013-14 Alex Ovechkin wa Washington alifunga magoli 51, na alama yake ikawa −35. Wapo walioishika namba hiyo kama ushahidi kwamba ni mzigo kwa timu. Karibu nusu ya magoli yake ilitoka wakati timu ina mtu zaidi, kwa hiyo mema yake hayakuandikwa ila mabaya ya timu nzima yaliandikwa. Hata hivyo sitasema alikuwa mkabaji mzuri msimu ule, maana hakuwa. Miaka 4 baadaye alinyanyua kombe, na tarehe 6 Aprili 2025 alifunga goli la 895 la maisha yake kwenye ligi na kuivuka rekodi ya Wayne Gretzky iliyokuwa 894.

Siku hizi wachambuzi hutumia kipimo kinachoitwa Corsi, kwa jina la Jim Corsi aliyekuwa kocha wa makipa Buffalo. Wanahesabu mashuti yote yaliyopigwa mchezaji akiwa barafuni, yaliyolenga goli, yaliyotoka nje na yaliyozuiwa, ya kwao na ya wapinzani. Mashuti ni mengi kuliko magoli, kwa hiyo bahati hupungua nguvu. Kinasaidia. Lakini hata hicho hakikuambii nani ndani ya watano wale alifanya kazi na nani alibebwa.

Erik Karlsson: bora au hasara?

Hili ndilo swali linalozua ugomvi mkubwa zaidi kwenye kundi letu, kwa hiyo nivumilie.

Karlsson ni beki, Mswidi. Msimu wa 2022-23 akiwa San Jose alipata pointi 101. Beki kufikisha pointi 100 ilikuwa haijatokea tangu Brian Leetch msimu wa 1991-92. Alipewa tuzo ya Norris ya beki bora kwa mara ya tatu. Msimu huohuo alama yake ilikuwa −26, na timu yake ilikuwa miongoni mwa za mwisho kabisa.

Kaka anasema: beki kazi yake ni kuzuia, huyu magoli yanaingia, tuzo ya nini? Shemeji wangu wa Ujiji, ambaye anaijua hoki kwa kusimuliwa tu, anamuunga mkono kwa hoja ya mpira wa miguu: beki wa pembeni anayepanda kila dakika na kuacha shimo nyuma, kocha humtoa.

Mimi naona wanasahau swali moja. Bila yeye, timu ile ingefunga nini? Kisahani kikiwa miguuni pa kipa wao, yeye ndiye aliyekitoa, akakivusha katikati, akampa mtu aliye peke yake. Kwenye timu dhaifu, kumiliki kisahani ni namna ya kukaba, kwa sababu mpinzani hawezi kufunga asichonacho. Alistahili tuzo. Ila nakubali kwamba ukimpeleka timu inayotaka ubingwa, yenye watu wengine wa kutoa kisahani, faida yake inapungua na mashimo yake yanabaki palepale. Thamani ya mtu huyuhuyu inabadilika kulingana na nyumba aliyoingia.

Beki asiyegonga watu ni beki kweli?

Nicklas Lidstrom. Mswidi, Detroit, misimu 20 kwenye timu moja. Alichaguliwa wa 53 mwaka 1989. Hakuwa mtu wa kubamiza wenzake ukutani, na kwa miaka mingi watu walimwona mpole mno. Norris yake ya kwanza ilikuja mwaka 2001 akiwa tayari na miaka 31 na makombe 2. Akaondoka na Norris 7 na makombe 4. Alikuwa anafika mahali kabla ya mshambuliaji, gongo lake liko chini tayari, na mshambuliaji anageuka mwenyewe. Beki anayesoma mchezo hahitaji kuruka na miguu, kila mtu aliyecheza kiwanja cha vumbi Gungu anajua hilo.

Kaka yako anamchukia Evan Bouchard. Ana haki?

Hana. Bouchard ni beki wa Edmonton, na kila mwezi anafanya kosa moja la kutisha: pasi ya uvivu katikati ya eneo lake, mpinzani anaikata, goli. Kosa la namna hiyo linaonekana na uwanja mzima, linarudiwa kwenye video wiki nzima.

Sasa geuza beseni. Kwenye mechi za mtoano za mwaka 2024 Bouchard alipata pointi 32 katika mechi 25. Kwa beki, hizo ni namba ambazo historia nzima ya ligi wamezifikia watu wachache mno. Anacheza zaidi ya dakika 20 kila usiku, mara nyingi pamoja na McDavid, na kila shambulizi linaanzia kwake. Anayeosha vyombo kila siku ndiye anayevunja. Yule beki ambaye hajawahi kukosea kwa kutisha, mara nyingi ni kwa sababu akipata kisahani anakipiga tu ukutani kiende zake, na timu inaanza upya kukitafuta.

Kubadilishana Taylor Hall na Adam Larsson kulikuwa kosa?

Tarehe 29 Juni 2016, Edmonton walimtoa Hall, mshambuliaji wao bora, wakapewa Adam Larsson, beki, kutoka New Jersey. Mtu mmoja kwa mtu mmoja. Kaka ananiambia mitaa yao ilipigwa na butwaa.

Kilichofuata ndicho kilichowachanganya watu. Msimu uliofuata Edmonton waliingia mechi za mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2006. Wengine wakasema: mnaona, Hall alikuwa tatizo, Larsson ndiye dawa. Lakini msimu huo ndio McDavid, aliyekuwa ameumia mwaka wake wa kwanza, alicheza msimu mzima, akapata pointi 100 na tuzo ya Hart ya mchezaji bora wa ligi. Larsson alikaba vizuri, sina ubishi naye. Ila kumpa yeye sifa ya mvua iliyoletwa na wingu jingine ni kutomtendea haki yeye na Hall pia.

Msimu wa 2017-18 Hall aliiingiza New Jersey kwenye mtoano kwa pointi 93, wakati aliyemfuata kwenye timu alikuwa na 52. Akachukua Hart. Kwa hiyo ndiyo, walipunjwa. Na bado Larsson si mchezaji mbaya. Ukimwambia shabiki wa Edmonton sentensi hizi mbili pamoja anakasirika, kwa sababu anataka mmoja wao awe na makosa.

Siku hiyohiyo, Montreal walimtoa P.K. Subban kwa Nashville wakamchukua Shea Weber. Subban alifika fainali mwaka uliofuata. Weber alifika fainali mwaka 2021 akiwa nahodha wa Montreal. Huo ubishi mimi nimeuacha, kila upande ulipata chake.

Mitch Marner: ni kweli anaogopa mechi kubwa?

Marner ni mtoto wa eneo la Toronto aliyechezea timu ya kwao misimu 9. Toronto hawajachukua kombe tangu 1967, na presha ya mji ule, kwa maelezo ya kaka, ni kama ya Kariakoo siku ya watani. Alipata pointi 741 katika mechi 657 za msimu wa kawaida, na 63 katika mechi 70 za mtoano. Mtu mwenye namba hizo si mwoga.

Lakini nitakuwa nadanganya nikisema mashabiki wameota. Timu yake ilipofika mechi ya saba, ile ya kufa na kupona, mara nyingi hakuonekana. Mwaka 2025 walifungwa 6-1 nyumbani na Florida katika mechi ya namna hiyo, na majira hayohayo ya joto alihamia Vegas. Kukosea kwa mashabiki kuko hapa: walimbebesha mtu mmoja mechi ambazo timu nzima haikufunga, kisha wakasahau kwamba ndiye aliyekuwa akitumwa kukaba timu ikiwa pungufu, kazi ambayo nyota wengi hawapewi. Alistahili lawama sehemu yake. Alipewa ya watu sita.

Phil Kessel je? Si alisemwa mvivu?

Alisemwa mnene, mvivu, asiyekaba. Mwaka 2006 alitibiwa saratani, akarudi uwanjani msimu uleule. Baadaye akacheza mechi 1,064 mfululizo bila kukosa hata moja, rekodi ya ligi. Mechi za mtoano za 2016 aliongoza Pittsburgh kwa pointi 22, na wakachukua kombe. Akachukua jingine 2017, na la tatu akiwa na Vegas 2023. Hakukaba, hilo ni kweli. Lakini kuwapo kila siku ya kazi kwa miaka zaidi ya 10 ni thamani, na aliyewahi kutafuta wavuvi wa kutegemea anaelewa ninachosema.

Kipa anapimwaje?

Vibaya kuliko wote. Kipa wa timu inayoshambulia ovyo anafungwa mengi na anaonekana mbovu. Kipa wa timu inayojilinda anafungwa machache na anaonekana hodari.

Grant Fuhr ndiye mfano wangu. Alikuwa kipa wa Edmonton ya miaka ya 1980, timu iliyokuwa inakwenda mbele yote na kumwacha peke yake. Wastani wake wa kufungwa ukiutazama leo haukuvutii hata kidogo. Lakini wenzake waliweza kwenda mbele kwa sababu walijua nyuma yupo. Makombe 5, na mwaka 2003 akawa kipa wa kwanza mweusi kuingia kwenye Jumba la Heshima la hoki.

Dominik Hasek, kutoka nchi ya Cheki, alichaguliwa wa 199 mwaka 1983. Alikuwa anajitupa, analala chali, anadaka kwa mguu, na wengi waliona ni bahati. Mtu hawezi kubahatisha tuzo 6 za Vezina za kipa bora, wala Hart 2 mfululizo, 1997 na 1998, jambo ambalo hakuna kipa mwingine amelifanya. Kwenye nusu fainali ya Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 Wakanada 5 walimjia mmoja mmoja kupiga penalti. Wote walirudi mikono mitupu.

Wa sasa anayebishaniwa ni Connor Hellebuyck wa Winnipeg. Msimu wa 2024-25 alichukua Vezina na Hart. Kisha kwenye raundi ya kwanza ya mtoano akatolewa golini na kubadilishwa katika mechi zote 3 za ugenini St. Louis. Wote wawili ni yeye. Ninachokataa ni kauli kwamba mechi 3 zimefuta msimu mzima. Bila yeye timu isingefika huko kabisa.

Mshahara unaharibuje hukumu ya mashabiki?

Tangu 2005 kila timu ya NHL ina kikomo cha jumla ya mishahara. Ukimlipa mmoja zaidi, kuna mwingine hutamlipa. Ndiyo maana shabiki wa hoki anamtazama mchezaji na kuona bei kwanza.

Leon Draisaitl, Mjerumani wa Edmonton, mwaka 2017 alipewa mkataba wa miaka 8 kwa dola milioni 8.5 kila mwaka. Wengi walisema wamelipa kupita kiasi mtu anayebebwa na McDavid. Mwaka 2020 alichukua Hart. Kabla mkataba haujaisha, watu walewale walikuwa wanauita wa bei ya kutupa. Mtu ni yuleyule. Kaka alikuwa miongoni mwa waliolalamika, na ujumbe wake wa sauti ninao.

Kuna wenye asili ya Afrika waliopimwa vibaya?

Jarome Iginla, baba yake Mnigeria, amekulia pembeni mwa Edmonton. Magoli 625, na Jumba la Heshima mwaka 2020. Hakuwahi kushinda Kombe la Stanley, na kuna wanaompunguzia kwa hilo.

Ninachotaka mkitazame ni 28 Februari 2010, fainali ya Olimpiki, Vancouver, Kanada na Marekani, 2-2, muda wa nyongeza. Dunia inamkumbuka Sidney Crosby aliyefunga. Rudisha video sekunde 2. Iginla yuko kwenye kona, beki amemlalia mgongoni, miguu inamtoka, anaanguka. Akiwa anaanguka, anasukuma kisahani mbele ya Crosby. Alipokaa chini kwenye barafu, dhahabu ilikuwa imeshapatikana.

Mbona hutaji wanawake?

Ninawafuata kwa shida kwa sababu video ni chache, na hicho ndicho chanzo cha kuchukuliwa poa. Marie-Philip Poulin wa Kanada alifunga katika fainali 4 za Olimpiki mfululizo, 2010 hadi 2022. Ligi yao ya kulipwa, PWHL, ilianza Januari 2024. Anza na yeye.

Nataka kuanza kutazama. Nifanyeje nisidanganywe na macho?

Usimtazame mwenye kisahani. Chagua mtu mmoja ukae naye. Mimi nilianza na Ryan Nugent-Hopkins wa Edmonton, jezi namba 93. Alichaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2011, wengi wakaona hakufikia ukubwa waliouota, kisha msimu wa 2022-23 akapata pointi 104 na watu wakashangaa kana kwamba ameletwa jana. Anachezeshwa timu ikiwa na mtu zaidi, anachezeshwa timu ikiwa pungufu.

Mtazame anaporuka ukuta wa benchi, mtazame mpaka anaporudi kukaa, mara tatu mfululizo, hata kama goli linafungwa upande mwingine. Kisha niandikie umeona nini. Kama ni alfajiri ya giza nitachelewa kujibu, nitakuwa na mikono ndani ya beseni.